Chakula cha kiwandani na majiko yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao vya akina mama, kwenye skuli, barazani, na mara nyingi dukani nikiwa nimesimama na kikapu mkononi. Nimeyaacha kwa mpangilio uliokuja. Mimi ni mwalimu wa lishe, si daktari. Mwenye sukari, presha au ujauzito amsikilize kwanza anayemtibu.

Chakula cha kiwandani ni kipi hasa? Hata mchele si umepita mashineni?

Umepita, na hilo peke yake si kosa. Mwaka 2009 mtaalamu wa Brazil, Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, alipendekeza tuvigawe vyakula kwa kuangalia kazi iliyofanywa juu yake, si virutubisho tu. Muhogo, changu, embe, maharage na mchele viko fungu la kwanza: vimevunwa, vimekaushwa au vimekobolewa, lakini ukiviona unavijua. Fungu la pili ni vya kupikia: chumvi, sukari, mafuta, samli. La tatu ni pale fungu la pili linapotiwa kwenye la kwanza: samaki wa chumvi, achari, samaki wa kopo, boflo la tanuri la mtaani lenye unga, maji, chumvi na hamira basi.

Fungu la nne ndilo linalozungumzwa siku hizi. Humo chakula kimevunjwa vipande, kikaundwa upya kwa wanga, mafuta, sukari, ladha, rangi na vigandishi, mpaka huoni tena kimetoka shamba gani. Soda, biskuti nyingi za paketi, tambi za haraka, soseji, juisi ya unga.

Kipimo changu cha dukani ni orodha ya viambato. Ukikuta viwili vitatu ambavyo hujapata kuviona kwenye jiko lolote, lako wala la jirani, basi uko fungu la nne.

Kuna ushahidi kwamba vinadhuru, au ni maneno ya watu tu?

Upo. Ninaourudia mara nyingi ni utafiti wa Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, uliotoka mwaka 2019. Watu wazima 20 walikaa wodini wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula cha fungu la nne, wiki mbili chakula kilichopikwa kutoka vitu vya asili. Sahani zilizowekwa mbele yao zililinganishwa kwa sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale atakavyo.

Kwenye chakula cha fungu la nne walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku. Hiyo ni kama kuongeza sahani ya wali juu ya milo yako, kila siku, bila kujua. Kwa wiki mbili waliongezeka karibu kilo moja, na waliposhika chakula cha asili waliipunguza kilo ile ile. Walikuwa wanakula kwa kasi zaidi, kwa sababu vyakula hivyo ni laini na vinateleza. Ukiweka paketi ya biskuti na kipande cha muhogo wa kuchemsha mbele ya mtoto, utaliona jambo lenyewe kwa macho.

Watu 20 ni wachache na wiki nne ni muda mfupi, na wataalamu bado wanajadiliana ni kitu gani hasa ndani ya vyakula hivi kinachofanya kazi hiyo. Lakini majaribio kama haya, ambapo mtu huyo huyo anakula vya aina zote mbili chini ya uangalizi, ni machache, na jibu lake lilikuwa wazi.

Soda moja ina sukari kiasi gani?

Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 au 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi inakaribia gramu 37, yaani vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Soda moja ya mgeni inakula sehemu kubwa ya fungu hilo kabla hujagusa chai.

Na chai yetu nayo? Nazungumza bila kuficha: sukari tunayotia wenyewe asubuhi na jioni haikutoka kwa kiwanda cha soda. Kuna nyumba kikombe kimoja kina vijiko vitatu na vikombe ni vitatu kwa siku.

Lakini shida ya soda kwetu ni adabu kuliko kiu. Mgeni akiingia, mtoto anatumwa dukani. Ukimpa maji, unahisi umemdharau. Ukimpa dafu, unahisi umempa kilicho bure. Kwenye harusi kreti zinapangwa mpaka ukutani. Mama mmoja wa Wete aliniambia, "Mwalimu, mimi sukari ninayo, lakini nikiikataa soda ya watu nitaambiwa najidai." Nilimjibu aombe maji ya ukwaju, maana hakuna nyumba itakayoona aibu kwa hilo. Tokea siku hiyo, mgeni akija kwangu anapata ukwaju au bungo la sukari kidogo, lililokamuliwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kununa.

Juisi ya unga ile ya paketi ndogo ni sukari au kitamu bandia, tindikali, rangi na ladha. Embe haimo, hata kama imechorwa nje.

Kuku wa kisasa anachomwa sindano za kumkuza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu hawapendi jibu langu. Hapana, hakuzwi kwa homoni. Anakua upesi kwa sababu ya mbegu na chakula. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilitoa mwaka 2014 matokeo ya kufuga pamoja mbegu za kuku za mwaka 1957, 1978 na 2005, wote kwa chakula kile kile. Walipofika siku 56, kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Hakukuwa na sindano. Ni kuchagua vifaranga vizito kizazi baada ya kizazi. Kama una huruma na mnyama, hapo pana la kusikitika, kwa sababu miguu na moyo wa ndege yule havikukua kwa kasi ya nyama yake.

Yanayonitia hofu mimi ni mambo mawili mengine.

La kwanza ni dawa za antibayotiki. Mfugaji akizitia kwenye maji ya kuku wazima ili wasiugue, vijidudu vinazoea, na siku mwanao anapougua dawa haifanyi kazi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema vijidudu sugu vilisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitumia kama kichocheo cha ukuaji mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2017 mifugo isiyo na ugonjwa isipewe kama desturi ya kuikuza au kuikinga. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Ukinunua mayai au kuku kwa mfugaji wa mtaani, muulize waziwazi: umewapa dawa lini mara ya mwisho? Anayefuga kwa uangalifu anaikumbuka tarehe.

La pili ni barafu. Mapaja ya kuku ya boksi yamesafiri baharini wiki nyingi, na usalama wake wote unategemea ubaridi usiokatika. Waliokuwepo Unguja umeme ulipokatika takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua friza inanuka vipi siku ya tatu. Siku hizi ukatikaji ni wa saa, lakini nyama iliyoyeyuka ikagandishwa tena haikuambii. Angalia mfuko: barafu nyekundu iliyoganda chini, au vipande vilivyoshikamana kuwa bonge moja, maana yake imewahi kuyeyuka. Iache hapo hapo. Mwenye duka akikuambia hiyo ndiyo hali yake, nenda duka jengine.

Nyumbani, kuku alale kwenye friji ayeyuke, si juu ya meza. Usimwoshe kwa maji ya nguvu yanayorukia kachumbari. Apikwe mpaka maji ya ndani ya paja yasiwe mekundu.

Bi mkubwa wangu ana presha. Chumvi tumepunguza, mbona haishuki?

Mamangu mzazi alikuwa hivyo hivyo. Tulipunguza chumvi kwenye mchuzi, tukajisifu. Nilikuja kugundua kwamba kila mchuzi ulikuwa unapata vidonge viwili vya supu, na jioni alikuwa anakula boflo na siagi ya kopo. Kidonge kile, nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Mtu mzima anatakiwa asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo unahesabu kila kitu: boflo, samaki wa chumvi, dagaa, chipsi za paketi, tambi za haraka na kile kipakiti chake cha unga. Kipakiti hicho ukitie nusu, nusu nyengine uitupe.

Tulirudi kwenye ndimu, kitunguu thomu, tangawizi, bizari, pilipili manga, na mdalasini kidogo. Tuko kwenye visiwa vya viungo, jamani. Alilalamika wiki mbili hivi, kisha ulimi ukazoea. Dawa zake za presha hakuziacha, na wewe usimwachishe mama yako zake.

Na ajinomoto?

Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitoa mwaka 1908 kwenye mwani wa kijapani wa kupikia supu. Kwa kiasi cha kawaida cha jikoni sioni sababu ya kuiogopa. Tatizo ni kwamba inafanya kilicho duni kionekane kitamu, na mara nyingi inaongozana na chumvi nyingi.

Hizi namba zenye herufi E mbele ni sumu?

Ni orodha ya Ulaya ya vitu vinavyoruhusiwa kutiwa kwenye chakula, kila kimoja na namba yake. Baadhi ni vya kawaida kabisa. E300 ni vitamini C. E330 ni tindikali ya ndimu.

Namba ninayopenda kuwaonyesha akina mama wa Paje, Jambiani na Pemba ni E407. Hiyo ni karajinani, inayotolewa kwenye mwani. Kilimo cha mwani kilianza kwetu mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, na tokea hapo wanawake wanaingia baharini maji yakitoka, wanafunga mbegu kwenye kamba, wanavuna, wanakausha kwenye mchanga. Mwani mkavu unapakiwa na kusafirishwa. Huko nje unageuzwa unga unaoshikanisha maziwa ya chokoleti, aiskrimu na dawa ya meno, na baadhi ya bidhaa za namna hiyo zinarudi kwenye maduka yetu. Nilipomwonyesha mama mmoja namba hiyo nyuma ya boksi la maziwa ya chokoleti, alilishika muda mrefu, kisha akauliza bei yake. Kisha akaniuliza bei ya kilo ya mwani, ingawa aliijua kuliko mimi.

Ndiyo maana sikubali mtu aseme viwanda haviko kwetu. Sisi tumo ndani yake, ila tumo mwanzoni mwa mnyororo, pale penye malipo madogo.

Namba zipi zinagusa uhalali?

E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu. E471 inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba yenyewe haikuambii ni yapi. Jelatini, iliyomo kwenye peremende nyingi za kutafuna na baadhi ya mtindi, hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, samaki au nguruwe. Tafuta nembo ya halali inayotaja nani aliyeithibitisha. Hukumu si yangu. Ukiwa na shaka, Ofisi ya Mufti wa Zanzibar ipo kwa ajili hiyo.

Ubuyu mwekundu na barafu za rangi, watoto waache?

Wasiache ubuyu. Ubuyu wenyewe ni tunda zuri, lina vitamini C na nyuzinyuzi. Kinachonisumbua ni rangi na sukari inayoufunika. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi bandia na kihifadhi kimoja, wakaona baadhi yao wanakosa utulivu zaidi. Tokea mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unataka onyo liandikwe kwenye chakula chenye E102, E104, E110, E122, E124 au E129.

Na kwa wanaotengeneza nyumbani: rangi ya kutilia ukili wa mikeka haikutengenezwa iliwe. Hata tone. Nalisema kwa sababu nimeulizwa kama inafaa, na aliyeniuliza alikuwa mtu mwema anayetafuta riziki. Rosela inatoa wekundu mzuri bure.

Samli ya kopo ni sawa na samli ya ng'ombe?

Hapana. Mwaka 1902 mkemia wa Kijerumani, Wilhelm Normann, alisajili njia ya kupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya maji ili yagande. Yakigandishwa nusu nusu yanazaa aina ya mafuta ambayo mwili hauna matumizi nayo, yanayoziba mishipa ya moyo. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe: yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Kama viambato vinataja mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni, rudisha kopo rafuni. Karatasi ikiwa ya Kiingereza au Kiarabu, mwambie kijana wa skuli akusomee.

Samli ya ng'ombe na tui la nazi nayo ni mafuta mazito, kidogo kinatosha. Mafuta ya kukaangia yaliyokuwa meusi na yanayotoa povu mwage, na muuza chipsi anayeyatumia hivyo mpite.

Basi tukatae kila cha kiwandani?

La. Chumvi ni mfano mzuri. Chumvi ya mashamba yetu ya Pemba inatoka baharini, lakini chumvi ya bahari peke yake haina madini joto ya kutosha. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Lazima yaongezwe, na kazi hiyo inafanyika kwenye mashine. Unga wa ngano ulioongezwa vitamini iitwayo foliki unapunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Na vya asili vinaua pia. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo huwezi kuiondoa kwa kupika. Mahindi na njugu zilizoota ukungu usizitengeneze unga, usimpe hata kuku.

Mashine inaweza kukosea upande mwengine. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wanapooza miguu, na wakipona wakirudishiwa mchele wenye pumba. Ndivyo njia ya kugundua vitamini B1 ilivyofunguka, na mwaka 1929 akapata Tuzo ya Nobel. Polo la mchele mweupe tunalonunua leo limekobolewa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana kwenye sahani wali usikae peke yake: kunde, choroko, mchicha, dagaa.

Mbona embe zinaoza chini ya miembe na biskuti ziko kila kona?

Kwa sababu biskuti haiozi. Mwenye duka anaiweka miezi, haihitaji friji, na inauzwa kwa sarafu aliyo nayo mtoto. Embe zote zinaiva pamoja, bei inaanguka, gari la kuzifikisha mjini linagharimu kuliko mzigo, na pa kuzikausha au kuzisindika ni pachache. Muhogo unataka kumenywa, maji, gesi au kuni, na mtu wa kukaa jikoni. Mama anayetoka saa kumi na mbili kwenda kazini hana saa hiyo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anawalaumu akina mama kwamba ni wavivu, nakasirika. Chaguo lao limeshapunguzwa kabla hawajafika dukani. Kinachosaidia ni vitu vidogo vyenye jina: skuli kuwaruhusu wauza muhogo wa kuchemsha, ndizi na machungwa getini badala ya peremende; jirani wanne kupeana zamu ya kupika kisamvu; shelisheli kuchemshwa usiku kwa chai ya asubuhi. Na kudai masoko yawe na vyumba vya baridi kwa mboga na matunda.

Soseji?

Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kula mara moja moja, si kila asubuhi.

Nimenunua kitu kibovu au kilichopita muda. Niende wapi?

Usikitupe, wala usiishie kugombana na kijana wa duka. Weka paketi, risiti kama ipo, na piga picha ya tarehe na ya mahali kilipokuwa kimewekwa. Kama chakula kimeharibika au kinatia shaka, peleka kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kama umedanganywa uzito, au tarehe imefutwa na kubandikwa mpya, hiyo ni kazi pia ya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Wakikuuliza, wasomee namba ya toleo iliyopigwa mhuri karibu na tarehe. Kwa namba hiyo wanaweza kuifuata shehena nzima, tokea rafu ile mpaka ghala, na tokea ghala mpaka bandarini.